Jiwe la Mpaka Kilimani kwa Bibi

Mwenye duka jirani yetu hapa Mwembesongo, Morogoro mjini, hufunga mlango wake kwa mnyororo. Asubuhi akifungua, huuvuta kutoka kwenye vishikio vya chuma nao huanguka kwenye saruji ukikwaruza, pete moja baada ya nyingine. Wajukuu zangu wameshauzoea, hata shingo hawageuzi. Mimi, ambaye hadi nipigiwe kelele sikioni ndipo nijue chai iko tayari, mnyororo ule nausikia vizuri mno. Nausikia tumboni. Nimemwomba mwenye duka atafute kufuli kubwa aachane nao, naye hucheka akaniambia, "Bibi, kufuli wezi wanavunja." Basi namwacha. Nakaa mkekani kwangu nangoja moyo utulie, na mara nyingi kabla haujatulia nimeshafika kilimani kwa bibi yangu, mwaka ule Wajerumani walipokuja kupima milima.

Kama mmewahi kufika Mlali, mkaupa mgongo uwanda na kuinua macho, mmeona jinsi milima ya Uluguru inavyoteremsha matuta yake kuja chini, kama vidole vya mtu aliyeegemeza mkono mezani. Kila tuta lina kijito upande huu na kijito upande ule. Letu lilikuwa moja kati ya hayo. Chini kulikuwa na mashamba ya mtama na mahindi. Katikati zilisimama nyumba zetu chache za udongo, zikizungukwa na migomba. Juu ya nyumba yalikuwapo mashamba yaliyopumzishwa, ambayo yalikwisha kuota vichaka, na juu kabisa msitu. Msitu ule haukuguswa na shoka. Humo walilala wazee wetu, humo mlikuwa na mahali pa tambiko, na kijito chetu kilianzia humo, chini ya jiwe jeusi lililolowa mwaka mzima. Nikikifikiria kilima kile, cha kwanza kunijia ni harufu ya majani yaliyooza na baridi ya alfajiri iliyotufanya watoto tusukumane karibu na mafiga.

Bibi yangu mzaa mama alikijua kilima kile kuliko alivyoijua miguu yake. Alikuwa akipukuchua maharage huku akituhadithia, na hakuwa na huruma na mtoto anayesinzia. Wazee wetu, alisema, walitoka mbali uwandani, upande wa machweo, wakikimbia njaa na vita. Walikifuata kijito kwa kukipanda, maana hawakuwa na njia nyingine waliyoijua. Mbele alitangulia mwanamke aliyebeba moto ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Alipochoka akautua, na mahali pale pakaitwa Palipotuliwa Moto. Juu kidogo ni Waliporudi Wengine, ambapo nusu ya watu waliiogopa baridi wakateremka, na bibi aliwacheka kana kwamba walirudi jana. Halafu Mgomba wa Kwanza. Halafu Kwa Mapacha, na hapo bibi hakueleza chochote, alipukuchua tu kwa haraka zaidi. Majina yenyewe ni ya Kiluguru, lakini nimeyageuza ili mpande nasi. Tulitakiwa kuyataja kwa kufuatana, toka chini hadi msituni, na aliyeruka jina alirudishwa chini kwenye moto akaanza upya. Mimi nilirudishwa sana.

Nchi ile ilikuwa ya lukolo, ndivyo tunavyouita ukoo, nao kwetu hufuata mama. Mwanamume akioa huja kujenga na kulima kwa mkewe. Atalima mpaka azeeke, lakini nchi ni ya mkewe na ndugu wa mkewe. Yeye nchi yake iko kule kwa mama yake, na warithi wake ni watoto wa dada zake. Kwa hiyo aliyeisimamia nchi yetu, yule tunayemwita mndewa, alikuwa mjomba wangu, mtoto pekee wa kiume wa bibi aliyebaki hai. Baba yangu alikuwa mgeni. Jembe lake lilikuwa limelika kwa udongo wetu mpaka likabaki kipande, lakini mgeni.

Tena alikuwa mgeni mwenye adabu ya kupita kiasi. Enzi zile kwetu mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, wala hawakusemezana ana kwa ana. Baba akimwona bibi anakuja njiani, huchepuka akaingia kwenye majani na kujifanya anatafuta kuni. Wakiwa na la kuambizana, walipitia kwa mtoto, na mtoto mwenyewe mara nyingi nilikuwa mimi. "Mwambie baba yako paa linavuja upande wa kuku," bibi alisema, na baba yuko hapo hapo nyuma ya ukuta, anasikia kila neno. Nazunguka, namwambia. Baba anaitafakari habari ile kana kwamba imeletwa kutoka Bagamoyo. "Mwambie bibi yako nimesikia." Nazunguka tena. Bibi, ambaye kwa wajukuu utani wake haukuwa na kikomo, aliniita Mdomo, na watu wote kilimani wakaacha kuniita kwa jina nililozaliwa nalo.

Siku zile reli ilikuwa imeshafika Morogoro na ilisukumwa mbele kuelekea Kilosa. Wakatakiwa watu wa kubeba mawe na kulaza vyuma. Kabla ya mavuno askari walipanda milimani wakachukua wanaume wa matuta kadhaa. Waliokataa walifungwa shingoni kwa mnyororo mmoja, huyu nyuma ya huyu, wakateremshwa hivyo hadi mjini. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Nilimwona akigeuza kichwa kumtazama bibi, na mnyororo ukamrudisha. Baba aliachwa kwa sababu ya mguu. Ujanani aliwahi kubeba mizigo ya misafara hadi pwani, akarudi na Kiswahili kizuri na donda juu ya kifundo ambalo lilikataa kupona. Askari alilitazama, akatema mate, akapita. Tangu hapo sauti ya mnyororo ilikuwa na maana moja tu kilimani kwetu.

Sasa fikirini asubuhi moja, ukungu haujapanda, tukausikia. Ulikuwa ukija upande wa kijito, unakwaruza mawe, unanyamaza, unakwaruza tena karibu zaidi. Hakuna aliyeuliza ni nini. Mama na ndugu zake walimwaga maji mafigani ili moshi usionekane, wakabeba wachanga, wakaingia msituni. Vijana walikwisha kutoweka hata sijui walipitia wapi. Bibi naye akapanda na fimbo yake, mgongo umeinama, haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Nilisikia mama akiniita, lakini nilikuwa nyuma ya nyumba nampa baba kamba za kuezekea, maana alikuwa juu ya paa upande wa kuku, kama alivyoagizwa.

Baba hakuweza kukimbia. Aliteremka polepole, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanivuta nikasimama kati ya magoti yake. Nilihisi moyo wake ukigonga mgongoni mwangu. Mbele yetu kuku walikuwa wakidonoa mahindi aliyoyaacha mtu nusu ameyatwanga.

Walitokea kwenye migomba. Mnyororo ulikuwa mwembamba na mrefu, wa kupimia nchi, vijana wawili wanauburuta, mmoja huku na mmoja kule, wakiunyoosha na kupiga vigingi vya chuma ardhini. Nyuma yao alikuja mzungu mwenye shingo nyekundu, na mtu aliyebeba chombo cha kioo chenye miguu mitatu. Kisha askari, kisha akida, mtumishi wa serikali, mtu wa pwani, kanzu yake imelowa hadi magotini, ameshika mwavuli ijapokuwa mvua hainyeshi. Nilitazama shingo za wote, nikaona hakuna aliyefungwa. Nikapumua. Mtoto wa watu, nilidhani yameisha.

"Shikamoo, bwana akida," baba alisema bila kusimama, mguu wake umenyooshwa mbele.

"Marahaba. Watu wa hapa wako wapi?"

Kusema wako msituni ni kuwatoa. "Wametembea," baba alisema.

"Wote? Na mahindi wameyaacha kinuni?" Akida aliangaza macho huku na huku. "Haya. Nchi hii ya nani? Yako?"

"Siyo yangu, bwana. Mimi nimeoa tu hapa."

"Ya nani basi?"

"Ya wenyewe."

"Na hao wenyewe wako wapi?"

Akida akamgeukia mzungu wakasemezana kwa lugha yao. Mzungu alizitazama nyumba tupu, akainua macho kwenye vichaka vya mashamba yetu yaliyopumzishwa, akayainua tena hadi msituni, akasema maneno machache bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililonitisha, jinsi alivyosema bila hasira. Akida akatutafsiria: bwana mkubwa ameona nyumba hazina watu, vichaka juu ya nyumba, msitu juu ya vichaka, na mtu mmoja anayesema si yake. Nchi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Basi mpaka wa msitu wa serikali utapita huku chini, chini ya migomba, na walio juu ya mpaka watahamia uwandani. Alinyoosha mwavuli kuonyesha, na mwavuli ukapita juu ya kila nilichokijua.

Sitaki kumsingizia yule akida. Alituonea huruma, naamini hivyo mpaka leo. Alisogea, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi sina ugomvi nawe. Sema ni yako. Nipe jina lako niliandikishe, mstari upande juu, kila mtu alale kwake. Neno moja tu."

Neno lenyewe nililijua. Ni neno ambalo sisi watoto tulilipigania kutwa nzima, kwa kila kijiti na kila ndizi. Nilimgeukia baba nikamtazama mdomoni, nikingoja. Nilitamani nimsemee. Alikuwa anatokwa na jasho kwenye baridi ile, na macho yake yalikuwa chini kwenye mguu wake. "Siwezi, bwana," alisema. Nilimchukia. Nasema waziwazi, nilimchukia kwa moyo wangu wote mdogo, nikajitoa katikati ya magoti yake nikasimama kando.

Hapo ndipo majani ya msituni yalipotikisika, bibi akatoka. Alikuja peke yake, akishuka kwa fimbo, akasimama upande wa pili wa uwanja. Na hata siku ile, jamani, hata siku ile alisimama ubavu, amempa mkwe wake bega ili wasitazamane.

"Mdomo," alisema, "mwambie baba yako amwambie huyo mwenye mwavuli kwamba nchi hii ina wenyewe."

Nilimwambia baba kwa Kiluguru. Baba akamwambia akida kwa Kiswahili. Akida akamwambia mzungu kwa Kijerumani. Mzungu alitutazama mmoja mmoja kwa zamu, nadhani alifikiri tunamchezea. Lakini bibi alikwisha kuanza. Alianzia Palipotuliwa Moto, fimbo ikionyesha chini, akapanda. Nani alilima wapi, nani alimwoa nani, mvua ipi ilibomoa nyumba ipi. Sikuruka jina hata moja, na baba nyuma yangu hakuruka pia. Ndipo nilipogundua kwamba anayajua yote, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikuwa ameyasikilizia nyuma ya ukuta miaka yote ile. Bibi alipofika Kwa Mapacha alitaja jina tu, akapita, akamalizia msituni kwa majina ya waliolala humo.

Mzungu alisikiliza hadi mwisho, nampa haki yake. Kisha akauliza mwanamume wa ukoo huo ni nani, maana mwanamke haandikwi. Bibi akamtaja mjomba. Yuko wapi? Yuko relini, nyie ndio mliomchukua. Akida sidhani kama alilitafsiri hilo la mwisho. Wanaume wengine waliobaki kilimani ama walikuwa watoto, ama walikuwa wakwe kama baba. Mzungu alikunja uso, akatazama tuta la jirani, akatoa neno lake. Watakwenda kwanza kupima lile tuta. Mnyororo ukivuka kijito kurudi kwetu, mwanamume huyo awe amesimama hapa. Asipokuwepo, mstari unapita chini ya migomba.

Walipoondoka watu walianza kutoka msituni. Bibi alibaki amesimama pale pale. Kisha aligeuka, akamtazama baba usoni. Sisi sote tuliona. Mama alijifunika uso kwa kitambaa.

"Mwanangu," bibi alimwambia, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, "nenda kamlete."

Baba alinyanyuka kama mtu aliyechomwa na moto. Aliingia ndani, akafunga donda lake kwa kitambaa, akachukua fimbo na viazi vichache, akaishika njia ya Mlali. Nilimwona akichechemea kati ya mtama mpaka mtama ukamfunika.

Tulingoja. Sijui kama nimewahi kungoja kitu namna ile tena maishani, hata nilipokuwa nangoja kuzaa. Ng'ambo ya kijito tuliwaona wale watu wadogo wadogo wakipanda tuta la jirani na chombo chao, na upepo ukigeuka tulisikia mnyororo. Mwanzo ulikuwa mbali juu, halafu ukaanza kuteremka. Wanawake walilima huku wanasikiliza. Jembe likigonga jiwe, kila mtu alisimama. Kutoka kwetu hadi Morogoro mwenye miguu mizima hufika kabla jua halijazama, lakini baba hakuwa na miguu mizima, na hakuna aliyejua kama mjomba bado yuko mjini au amesukumwa mbele na reli.

Kisha wakaanza kunong'ona. Mama mdogo ndiye aliyelisema mbele yangu, akipepeta mtama, bila kunitazama. "Mkwe huyo harudi. Ameona mambo magumu, amekwenda kwa mama yake." Baba kwao kulikuwa upande wa pili wa milima, kwenye ardhi nzuri ambayo hakuna mzungu aliyeifikia. Mama yangu alimwambia afunge mdomo wake. Lakini mimi niliamini. Mtu aliyeshindwa kusema neno moja, kwa nini asishindwe kurudi? Bibi alikaa na ungo wake wa maharage, na nilipomtazama vizuri niliona anapukuchua maganda ambayo yamekwisha kupukuchuliwa. Hakuniita Mdomo siku hizo. Hapakuwa na wa kunituma kwake.

Mnyororo ulivuka kijito asubuhi ya baridi kama ile ya kwanza. Safari hii hakuna aliyekimbia. Tulisimama wote uwanjani, hata wagonjwa walitolewa wakaketishwa juani. Akida alitutazama, akahesabu wanaume kwa macho, akatikisa kichwa. "Yuko wapi?" Mzungu akaelekeza kwa kidole, na kijana mmoja akashuka chini ya migomba na kigingi na nyundo. Nilisikia pigo la kwanza. Bibi alifumba macho.

Pigo la pili sikulisikia, kwa sababu mtu alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye mtama. Alikuja mbio, amekonda, vumbi limemfanya mweupe hadi mapajani, shingoni ana kovu jipya. Sikumtambua mpaka bibi alipolia kwa sauti. Alikuwa mjomba. Alipita katikati ya watu bila kumsalimu yeyote, akasimama mbele ya mzungu akihema, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mimi ndiye." Kisha akageuka, akaonyesha chini, akaanza: Palipotuliwa Moto.

Walipanda naye. Sisi watoto tulifuata kwa mbali. Kwenye vichaka mjomba alifunua majani akawaonyesha migongo ya matuta ya zamani ya jembe, jiwe la kusagia lililozama udongoni, migomba iliyopotelea msituni. Mzungu aliinama akashika udongo, akaandika. Kigingi cha chini kiling'olewa. Mstari ukapanda juu ya migomba, ukapanda juu ya vichaka, nasi tukapanda nao tukiwa hatuamini. Lakini ulipofika kwenye ukingo wa msitu, ukasimama. Mjomba alionyesha ndani, akataja makaburi, akataja tambiko na jiwe linalotoa maji. Mzungu alitikisa kichwa. Msitu ni wa serikali. Mjomba akaanza tena, na akida akaufunga mwavuli wake, akasema hatatafsiri zaidi, mshukuru Mungu kwa mlichopata. Wakasimika jiwe lenye alama pale ukingoni. Tulibaki na nyumba na mashamba. Wazee wetu na chanzo cha maji wakabaki ng'ambo, na kuanzia siku ile kwenda kwenye tambiko kukawa kosa, tukawa tunaingia kwetu kwa kunyata.

Waliposhuka na kutokomea, bibi aliuliza swali lake mbele ya watu wote. "Mkwe wangu yuko wapi?"

Mjomba aliketi chini. Msimamizi wa reli, alisema, alikataa kumwachia mtu aondoke bila mwingine kusimama mahali pake. Alimtazama baba mguu akacheka. Baba akachukua nyundo ya mawe akaanza kupasua mbele yake, mpaka msimamizi akaacha kucheka. "Akaniambia, 'Shemeji, kimbia, mnyororo uko karibu.' Basi. Nimemwacha pale." Mama mdogo aliweka ungo chini, akaenda nyuma ya nyumba. Bibi alikwenda akaketi juu ya kile kinu.

Mjomba alirudi mjini kumkomboa, akakuta kundi lake limepelekwa mbele, upande wa Kilosa. Baba alikuja mavuno ya mwaka uliofuata, akitembelea fimbo mbili. Bibi alikuwa anatoka kijitoni akakutana naye njiani, nami nilikuwa nyuma yake na mtungi. Bibi hakuchepuka. Alisimama katikati ya njia ili amtazame. Lakini baba, na fimbo zake mbili na mguu ule, alijivuta akaingia kwenye majani, akaanza kutafuta kuni.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, siku nilipokaa kwenye kikao cha ukoo kilichogombania shamba la tuta jingine, ndipo nikalielewa lile neno. Kule mkwe mmoja alikubali kuandikwa. Alipokufa, watoto wa dada zake walikuja na karatasi ya serikali, tena kwa haki, kwa sababu mali ya mtu kwetu huwafuata wao. Wenye nchi wakawa wageni kwenye makaburi yao. Pale kikaoni nilimwona baba juu ya kinu, jasho linamtoka. Akinyamaza, mzungu anachukua. Akisema "yangu", ukoo wake yeye unachukua, na mimi binti yake niliyekuwa kati ya magoti yake ningefukuzwa na binamu zangu. Akida alikuwa anampa nchi nzima bure, baba akaikataa. Na mimi nilikuwa nimesimama kando, nimemnunia.

Mguu ule ndio uliomuua, kabla Wajerumani hawajaondoka. Desturi ni kwamba mkwe akifa hurudishwa kwa mama yake. Wapwa zake walivuka milima wakaja na machela, wakaketi uwanjani. Bibi alikuwa haoni tena wakati huo. Aliuliza nani wamekuja, akaambiwa. Akaniita. "Mdomo, waambie huyu hatoki." Walijadiliana na mjomba mpaka jua likapinda, sauti zikipanda na kushuka, na mwishowe wapwa wakakubali, wakalia, wakashika majembe wao wenyewe. Kumzika msituni pamoja na wazee wetu haikuwezekana, serikali ilikuwa imefunga. Bibi alisema azikwe pale kwenye jiwe la mzungu, upande wetu, mlangoni pa msitu.

Jiwe lile limeshafunikwa na kuvu, na mwenye kulitafuta leo atapata taabu kuliona. Baba tunamwona. Tangu siku ile majina ya kilima chetu yameongezeka moja, la mwisho kabla ya msitu, linaitwa Kwa Mkwe. Asubuhi mnyororo wa dukani ukianguka, nakaa mkekani nayataja polepole, toka kwenye moto kwenda juu, na nikifika hapo moyo umetulia. Wajukuu zangu nao nimewafundisha. Wamezaliwa mjini, wanayachanganya, wananicheka. Jina lolote wakiliruka nawasamehe. Lile la mwisho wakiliruka, nawarudisha chini kwenye moto.